Watu wa Mabruki Wasio na Macho

Mzee Mabruki wa Gongoni alikuwa mchoraji wa mabango, na ukaidi wake we acha tu. Mtu kwake ni duara la kichwa, mraba wa mwili na mstari mmoja wa jembe. Rangi tatu, basi. Wakubwa kutoka Dar walisema huo ndio usanii wa kisasa. Macho hakuchora hata kwa dawa. "Nikimpa macho, kesho kwa Mungu nitadaiwa roho yake," alimwambia bintiye Batuli, akamwachia brashi na katazo hilo hilo, akafa.

Mwaka sabini na nne, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, Masolwa, katibu wa kijiji kipya cha huko Lusu, akaja mbio kwa Batuli. Bango la mwisho la mzee lilikuwa limezua balaa kijijini kwake. Watu walikataa kupita mbele yake.

"Wanasema wale ni misukule, dada. Wafu wanaolimishwa! Watie macho, la sivyo nalichoma."

Misukule! Jamani, mzee wa watu aliyekuwa hakosi swala! Moyo ulimwuma Batuli. Kazi nyingine zote za baba yake zilikwisha kuliwa na mvua na mchwa. Lilibaki hilo tu. Akabeba makopo ya rangi, akaenda.

Alikuta kimya, jua la asubuhi limeshawaka. Mbele ya bango alisimama mama mmoja peke yake, jina lake Pelagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti wa mchoraji. Yule wa tatu ni mwanangu Raymundi. Baba yako alimsimamisha juani, akafuatisha kivuli chake kwenye mbao hizi. Masika hayo hayo tukamzika. Mtie macho, anione."

Batuli akamtazama huyo wa tatu, mraba wake umelala upande. Lile bega lililoinama, kumbe lilikuwa bega la mtu! Aliliogopa katazo, akauogopa moto wa Masolwa zaidi. Akapanda ngazi, bismillahi, akamtia Raymundi macho. Mkono ulikwenda wenyewe, mwepesi kupita kawaida yake.

Aliposhuka, Pelagia alikuwa amerudi nyuma, khanga mdomoni.

"Mwanangu ameondoka," alisema. "Huyu anayetutazama ni nani?"

Batuli akainua uso kwenye bango. Akamtambua kwa yale macho: ni baba yake, na amekasirika.