Mkono Kwenye Picha za Mama

Nyie chekeni tu. Mimi niliyeyaona sicheki, na sina faida yoyote ya kuwadanganya.

Ni mpiga picha hapa Mpanda, na bado natumia kamera ya filamu aliyoniachia baba. Vijana wananitania eti nabeba tofali. Sawa. Lakini mama yangu, anayeishi Usevya, hataki picha za simu. Anasema hazitundikiki ukutani. Kipupwe kilichopita nilimfuata, nikampiga picha akiwa peke yake uani, anaanika mpunga. Alikuwa ametoka kuumwa sana, na moyoni niliogopa kwamba huenda zikawa picha zake za mwisho.

Kesho yake asubuhi na mapema nikawasha pikipiki kurudi mjini. Baridi ya mwezi wa saba huku kwetu usiidharau. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majaruba ya mpunga, mzuri mno, nikasimama niupige. Kamera ikagoma. Betri yake ikipata baridi huzima, na dawa ni kuitia kamera ndani ya koti mpaka ipate joto la mwili. Nilikuwa nafungua zipu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Imeganda hiyo. Lete nikupashie."

Alikuwa mama mtu mzima, amejitanda kanga nyekundu yenye madoa meusi, miguu peku kwenye umande. Katokea wapi? Nilimwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu. Sasa mtu mzima utamkataliaje? Nikampa. Akaiweka chini ya kanga, akanitazama.

"Mama yako kapona?"

Nani alimwambia nina mama, tena mgonjwa? Hapo nikaanza kumchunguza. Mimi kila nikipumua mvuke unatoka kama chungu cha maharage. Yeye anaongea, na mdomoni hakutoki kitu. Niamini, nilimtazama tena na tena.

Nikamkwapua kamera yangu. Ilikuwa baridi kuliko nilipompa, hata vidole viliniuma. Habari za ukungu nikaziacha hapo hapo, nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Filamu iliyokuwa ndani ya kamera niliituma Dar kusafishwa. Picha zikarudi safi kabisa: mama anacheka, mpunga umetandazwa miguuni pake. Ila katika kila picha kuna mkono juu ya bega lake la kushoto, na pembeni ncha ya kanga nyekundu yenye madoa meusi. Mkono huo uliingiaje, wakati picha nilizipiga kabla sijakutana na yule mtu?

Nilimpigia mama simu, nikamdanganya kwamba filamu iliungua. Akaguna.

"Basi tu, mwanangu. Ila hili bega langu la kushoto silielewi. Nakaa motoni kutwa, halipati joto."

Nikazigeuza zile picha kifudifudi mezani.

Picha nimezifungia kabatini. Kuzichoma naogopa, kwa sababu mama naye yumo. Kila akipiga simu namuuliza bega, na jibu ni lile lile.

Wewe kamera yako ikigoma kwenye baridi, ipashe mwenyewe. Na akitokea wa kukusaidia, mtazame mdomo kabla hujampa kitu. Mimi nilimtazama nimeshampa.