Kadi ya Kungoja

Nilisikia feni ya kompyuta kabla sijaona kitu. Ilikoroma juu ya ngazi zetu nyembamba za Mji wa Kale, nikajua dada yangu yuko kazini na mlango ameukomea. Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, yeye ndiye aliyehariri kanda za kupamba, ile siku bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake wenzake, nywele wazi, hina mpaka viwikoni. Mwanamume hakutakiwa kuziona picha zile hata kwa bahati mbaya; mimi, msichana, niliruhusiwa kumsaidia.

Ndiyo maana kadi ya picha, kile kibao kinachoendesha picha kwenye kioo cha kompyuta, ilimtesa. Ile kuukuu ndani ya kompyuta ilikwama kila maua ya urembo, aliyoyatia kwa kompyuta, yalipopitishwa usoni pa bibi harusi. Mwenye duka kule Mwembe Tayari alikuwa na nyingine iliyo bora kidogo, lakini alimshauri angoje: kizazi kipya cha kadi chaja kutoka Dubai, na hii ya rafuni itakuwa mzigo tu. Tena alitaka kompyuta iletwe dukani aifunge kadi mwenyewe. Dada akakataa, picha za watu zimo ndani. Mwaka uliotangulia alingoja vivyo hivyo, na kizazi kipya kilipofika akaambiwa kingine ki njiani.

Safari hii yupo asiyeweza kungoja. Mama wa bibi harusi alikuja akaketi bila kuvua buibui. Bintiye angesafiri Jumapili kumfuata mumewe Maskati. Nyanya yake, asiyeinuka tena kitandani, hakuhudhuria kupamba. Alitaka kuitazama kanda huku amemshika mjukuu mkono.

Dada akamweleza kwamba wakingoja kadi mpya maua yatateleza kama maji.

"Mwanangu, maua tumeyaona sana," mama yule akasema. "Nyanyake ataka kumuona mwana akipita. Au nimwambie naye angoje kizazi kijacho?"

Dada alicheka. Alasiri tulikwenda kununua ile ya rafuni. Mwenye duka akamwambia atajuta.

"Nitajuta," dada akamjibu, "na kanda ishatazamwa."

Tuliifunga wenyewe kwa bisibisi ya cherehani, kompyuta imelazwa mkekani kama mgonjwa. Mara ya kwanza kioo kilibaki cheusi. Sikuwa nimeisukuma kadi mpaka mwisho. Mara ya pili maua yakapita, kwa kusitasita, lakini yakapita.

Ijumaa baada ya swala mama yule alirudi. Hakuuliza lolote kuhusu kadi. Aliiviringisha kanda katika leso, akaificha ndani ya buibui, akatuombea dua fupi, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.