Yai Nililoliandika Jidda

Nakumbuka Ijumaa moja kule Jidda, mtaa wa Al-Safa, nimesimama jikoni nakitazama kidole gumba cha madam, namwomba Mungu kisisogee.

Mwanangu (nakuita mwanangu ingawa mvi sina, maana pasipoti umeshapata na kesho kutwa unaondoka), ngoja nianze mwanzo.

Nyumba ile wafanyakazi tulikuwa wawili: mimi, niliyeishia darasa la nane, kutoka Bungoma, na Bi Mwanaisha wa Kwale, mpishi mtu mzima. Mara mbili kwa wiki alikuja Oksana, mwanamke wa Ukraine, kumkanda miguu mama yake madam. Kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza alinisimulia mji wao, Lviv. Kila mwaka, Krismasi, watu hupita mitaani na nyota kubwa wakiimba. Pasaka, wasichana hushikana mikono wakacheza duara nje ya kanisa, na kila nyumba ina mayai ya nakshi. Kwao hawasemi kuchora yai, husema kuandika. Yai huandikwa likiwa bichi, kwa nta. Basi mimi na ndoto zangu! Nikajiona nimo kwenye lile duara, na gauni la kudarizi.

Pasaka ilipokaribia nikaandika langu, kwa mshumaa, pini na maji ya maganda ya vitunguu. Nyota, mawimbi, na msalaba mdogo. Bi Mwanaisha akaliona.

"Ewe mwana, ukenda kwa wenye chongo, lako fumba. Sikukuu yako iweke moyoni, si jikoni kwa watu."

Nikacheka. Chumba chetu hakikuwa na ufunguo, kwa hiyo nikalificha penye mayai, kwenye trei, upande wa nakshi chini. Nani angeligusa? Mayai yote nilikuwa nayavunja mimi. Nikasahau kwamba Ijumaa madam hupenda kupika mwenyewe.

Akaliinua. "Nini hii?"

Gumba lake lilikuwa limeufunika msalaba. Ikama, yaani kibali changu cha kukaa, tiketi, mama yangu nyumbani, niliona vyote viko chini ya gumba lile.

"Hina, madam," akasema Bi Mwanaisha. "Najifunza michoro."

Madam uso ukamng'aa. "Mashallah! Basi Alhamisi tunakwenda Riyadh, utampaka bibi harusi, binti wa dada yangu."

Mwanangu, Bi Mwanaisha mikono ilimtetemeka siku zote. Hata uzi kwenye sindano nilimtungia mimi. Nikamwona anaificha chini ya aproni. Hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote nilikuwa nikijiogopea mimi tu.

"Madam, ni langu," nikasema. "La sikukuu yetu. Yeye ananifunika."

Akaligeuza, akauona msalaba. Kisha akaligonga ukingoni mwa bakuli, akalimwaga pamoja na mengine, ganda akalitupa.

"Halas, basi. Jikoni kwangu, mafi tena, hakuna. Yalla, leta nyanya."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi Mungu alinihurumia, likavunjika yai.

Bi Mwanaisha alininunia siku tatu. Ya nne akasema, "Umenidanganyisha siku ya Ijumaa, mimi mtu wa sala tano! Ungeniuliza, ningekuonyesha pa kuandika."

"Wapi?"

"Hapa." Akanifungulia kiganja chake. "Hina ya kizee, nani angeuliza, mjinga wewe?"

Idi ilipofika nikamwandikia kwa hina nyota na mawimbi yote ya Lviv kiganjani, na akaswali Idi akiwa nayo.

Basi nasaha yangu ni hii. Ndoto nenda nazo, mwanangu, hazilipiwi mzigo. Ila furaha yako usiifiche mahali ambapo mwenzio atalazimika kusema uongo ili kuilinda. Mtafute mkubwa wa nyumba hiyo mapema, umweleze kilicho moyoni, na akikuonya, usicheke.

Mungu akutangulie. Riziki yako isikae chini ya kidole cha mtu, na kila sikukuu ikukute una mkono wa kushika.