Furu Mwekundu na Jina la Mama

Ukimtoa furu majini una muda mfupi sana wa kumtazama. Mwanzoni anakuwa na rangi zake zote, mpaka unajiuliza alikuwa anampambia nani huko chini kwenye giza. Halafu zinaanza kuondoka moja moja, kama mtu anayekunja kanga zake taratibu ahame nyumba. Akishatiwa kwenye formalini, ile dawa ya kumzuia asioze, basi tena. Kesho yake ni rangi ya majivu, na nduguze wote ni majivu, na hata ukiwapanga mia moja mezani huwezi kujua nani alikuwa nani.

Kazi yangu ilikuwa kuzishika rangi hizo kabla hazijaondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la nne, najua kuandika mwandiko wa kupendeza na kushona kwa mkono, na nilikuwa na ugonjwa wa kuota nikiwa macho, ambao hata sasa sijapona. Mwaka huo Bibi mmoja wa Kizungu alikuja Mwanza kwa ajili ya samaki wa ziwa letu, akapanga nyumba ya bati upande wa Ilemela, katikati ya mawe makubwa yanayoshuka mpaka majini. Hakuja kuwala samaki wala kuwauza. Alitaka kujua wako aina ngapi, na kila aina aipe jina lake.

Watu wa pale mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, walipoelezwa hivyo walicheka mpaka wakakaa chini.

"Jina wanalo," mama mmoja muuza samaki alimwambia. "Wanaitwa furu."

"Wote?"

"Sasa wewe unataka wangapi? Kuna furu wa kukaanga, kuna furu wa kukausha, na kuna furu wa paka. Usijisumbue, mama."

Bibi akayaandika yote matatu kwenye daftari lake, hata ya paka, bila kucheka. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

Aliniambia nieleze rangi kwa maneno. Samaki wa kwanza niliandika: mwekundu. Wa pili: mwekundu. Wa tatu: mwekundu kuliko wa pili. Bibi alisoma, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akasoma tena. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini usiku nilipokuwa nimelala nikifikiria mambo ya kushona, likanijia: kama sina neno, uzi ninao. Tangu hapo kila samaki alipotoka majini nilimwekea nyuzi ubavuni, nikichagua mpaka nipate uzi unaopotelea kwenye magamba yake, nikaushona kipande kidogo kwenye ukurasa wake. Wa mgongo juu, wa tumbo chini, wa mapezi pembeni. Samaki aliingia kwenye chupa akawa majivu, lakini rangi zake zilibaki kwangu.

Nyuzi nilizifuata mjini, kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Alikuwa akiniona tu mlangoni anaanza kutabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Leo samaki anavaa nini?"

"Mgongo wa buluu, lakini si buluu hii. Iwe kama shingo ya njiwa akigeuka juani."

Aliteremsha sanduku zima, tukatoa uzi mmoja mmoja mpaka mlangoni kwenye mwanga. "Nimeuza nguo za harusi miaka mingi," alisema, "sijapata bibi harusi anayechagua kama samaki wako. Mwambie siku nyingine aje mwenyewe."

Bibi naye alikuwa na kazi yake chini ya kioo cha kukuzia. Alihesabu magamba ya ubavuni, miiba ya pezi la mgongoni, safu za meno, akapima jicho na taya. Alinifundisha kwamba kila kiumbe kina majina mawili. La kwanza ni la ukoo, na nduguze wote wanalo. La pili ni lake peke yake. Yote yanaandikwa kwa Kilatini, lugha ile ya padri, kwa sababu hakuna nchi inayoweza kusema ni yake, kwa hiyo hakuna atakayeona wivu. Samaki mmoja katika wale wa kwanza anachaguliwa awe shahidi, anatunzwa kwenye chupa siku zote, ili mtu akibisha akaangaliwe yeye. Na jina likishachapwa kitabuni, limesimama. Akija mwingine baadaye akampa samaki yule yule jina jingine, hilo la baadaye linaanguka.

"Hata kama ni zuri zaidi?" niliuliza.

"Hata kama ni zuri zaidi."

Basi siku moja, katika mwaka wa pili, baba yangu alileta furu wekundu. Baba alikuwa msuka migono, ile mitego ya fito inayofanana na kikapu kirefu chenye koo, na mmoja alikuwa ameutega kwenye kina kati ya mawe. Walikuwamo watatu. Sijui niseme wekundu wa namna gani. Mkaa ukiupuliza, kabla haujawaka moto, ndiyo rangi yenyewe, na kwenye pezi la chini walikuwa na madoa ya manjano ya duara, kama mayai madogo. Nilikaa nao mpaka Bibi akaniita mara mbili.

Aliwahesabu magamba, akarudia. "Hawa sijawaona," alisema. Walikuwa watatu tu, hivyo hakutaka kuwapasua. Halafu akanitazama. "Jina la pili linaweza kuwa la mtu. Si vizuri mtu kujipa mwenyewe, lakini wewe unaweza kuniambia la mtu mwingine. Nani?"

Nilimwambia la mama.

Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Hatuna picha yake. Alikuwa akikausha samaki pale pale mwaloni, na ninachokikumbuka zaidi ni mikono yake ikiwapanga kwenye jamvi asubuhi, wabovu huku, wazima huku, hata mnunuzi akiwa bado hajafika. Bibi aliliandika jina lake kwenye karatasi, akaliongezea mkia mdogo wa Kilatini. Nilikwenda nalo nyumbani nikilitamka njia nzima. Niliona vitabu kwenye makabati marefu huko Ulaya, na mtoto wa shule anafunua ukurasa, anakwama kidogo, halafu anamtaja mama yangu.

Baba, mtu wa maneno machache, wiki hiyo hakunyamaza. Aliwaambia wote mwaloni. Wakamtania, "Sasa sisi tukimkaanga huyo mwekundu, tutakuwa tumemkaanga shemeji?" Akawajibu kwamba wamtafute kwanza, maana yule hashikiki na watu wavivu.

Bibi hakupeleka karatasi mara moja. Alitaka kupata wekundu wengine kwanza, akapanda meli kwenda upande wa Bukoba, akasema atakaa huko msimu mzima wa mvua. Akirudi ndipo tungefunga karatasi za furu wa mama zipelekwe Ulaya kuchapwa.

Siku mbili kabla hajaondoka tulikuwa tumeletewa furu wa majivu, aina ya kawaida ambayo Bibi aliipa jina mwaka uliotangulia, na kitabu kilikuwa kimekwisha kuchapwa. Mmoja alikuwa na taya limevimba. Nilipomtia kwenye beseni alipanua kinywa, wakatoka watoto, wadogo kama punje za mtama wenye macho. Furu jike huwalea watoto wake kinywani. Nilijua kwa kuambiwa, sikuwahi kuona. Niligusa maji kwa kidole, wote wakarudi ndani mbio, akafunga kinywa akanitazama. Sikuweza kumtia kwenye formalini. Bibi aliuona uso wangu, akasema, "Haya, mlee."

Tulikuwa na nusu ya pipa nyuma ya nyumba. Nikalijaza maji ya ziwa, nikaweka mawe na majani, nikalifunika kwa wavu wa waya ili ndege wasiniibie. Watoto walipoanza kujitegemea nilimrudisha mama yao ziwani. Walikuwa kumi na tisa, kama miaka yangu mwaka ule. Niliwalisha makombo ya ugali na viluwiluwi vya mbu, nikawasimulia habari zangu, na mvua zilipopiga nilikaa chini ya ukingo wa bati nikitazama matone yanavyotoboa dari yao.

Mvua zikaisha. Huko Magu watu walianza kuvuna pamba. Asubuhi moja nikaona mmoja wa wanangu ana kitu mkiani, kama aliyeguswa kwa kidole chenye damu. Nilidhani ni jeraha. Siku ya tatu kilikuwa kimepanda ubavuni, na kwenye pezi la chini vilikuwa vimetokea viduara viwili vya manjano.

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa mama, nikachukua kipande cha ule uzi, nikakishusha juu ya maji mpaka karibu naye. Kikapotelea kwenye magamba yake.

Nilikaa chini. Nilielewa yote mara moja, bila kutaka. Hawakuwa aina mbili. Mwekundu alikuwa dume, wa majivu alikuwa jike, na wale madume wadogo ambao hawajaota rangi walikuwa wamejificha katika majivu pamoja na dada zao. Samaki huyo alikuwa na jina tayari, limechapwa. Na la baadaye huanguka.

Kwa siku kadhaa niliamka nikiomba rangi ile ifutike. Badala yake wakaongezeka, wakawa saba.

Kutoka kwenye pipa mpaka ziwani zilikuwa hatua kumi. Yule mama muuza samaki alipita akachungulia. "Wewe binti unayetokwa machozi ukipasua dagaa," alisema, "hawa maskini umewafungia nini? Wafungulie waende kwao."

"Nitawafungulia."

"Basi wafungulie leo, mimi nione."

Hakujua alichokuwa akiniambia. Ningewamwaga, na kila mtu angesema nina moyo wa huruma, na Bibi angerudi akakuta pipa tupu, akacheka, akafunga karatasi. Nisingehitaji hata kusema uongo. Alipoondoka niliwachota wekundu wote kwenye ndoo, nikaingia ziwani mpaka magotini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, mawe yanang'aa, na nilikuwa na furaha kama mtu aliyesamehewa kabla hajakosa. Nikainamisha ndoo. Nilipotazama ndani nikaona mmoja wa majivu ameponyoka akaingia nao, na wekundu wawili wanamzunguka, wanatetemeka, wanamwonyesha mapezi yao. Nikakumbuka mikono ile kwenye jamvi asubuhi, hakuna mnunuzi, hakuna anayetazama, wabovu huku, wazima huku. Jina la mwanamke yule ndilo nililokuwa nataka kuliweka mahali pasipo pake.

Nikarudi na ndoo nikawamimina kwenye pipa. Nililia, sikatai, lakini nilikuwa nalia huku nikiwahesabu.

Bibi aliporudi nilimpeleka nyuma ya nyumba kabla hajanywa chai. Alisimama kwenye pipa muda mrefu.

"Wametoka kinywa kimoja?"

"Kimoja."

"Na hakuna aliyeingia?"

"Wavu haukutoka. Mimi ndiye niliyekuwa nafunika."

Akakaa kwenye jiwe. "Unajua maana yake?"

"Jina linaanguka."

"Lilikuwa halijasimama hata," alisema polepole, kisha akaushika mkono wangu akaubakisha mikononi mwake. Aliniuliza kama ningependa achague samaki mwingine ampe jina hilo, wako wengi bado. Nilimwambia hapana, labda siku nyingine. Yule ndiye aliyekuwa wa mama, na wengine wangekuwa wa kubahatisha.

Alihitaji mashahidi wawili, mwekundu mmoja na wa majivu mmoja. Niliwachagua mwenyewe, kwa sababu walikuwa wameuzoea mkono wangu na sikutaka washikwe na mgeni. Kwenye kibandiko niliandika kwa mwandiko wangu wote: ndugu wa kinywa kimoja. Nikafungua ukurasa wa furu wa majivu, nikashona uzi mwekundu karibu na ule wa majivu. Wengine kumi na saba niliwafungulia mchana ule ule, na safari hii sikusimama kuwatazama.

Aliyebaki alikuwa baba. Nilimkuta uani anasuka koo la mgono, fito zimemzunguka. Nikamsalimu, nikakaa, nikamshikia fito asizoweza kuzishika peke yake, nikamwambia yote. Hakuacha kusuka.

"Kwa hiyo mama yako hayumo kitabuni."

"Hayumo, baba."

"Na ungewamwaga angekuwamo."

"Angekuwamo."

Alikaza fundo, akalivuta kulijaribu. Niliona anafikiria watu wa mwaloni na maneno yote aliyowaambia. Baadaye akauliza, "Na huyo mwekundu, sasa anaitwa nani?"

"Anaitwa jina la mkewe. Jike ndiye aliyetangulia kuandikwa."

Mikono yake ikasimama. Akanitazama, na taratibu uso wake ukaanza kucheka kabla ya yeye mwenyewe. "Basi ni kama mimi," alisema. "Mwaloni pale ni nani anayenijua jina? Mpaka leo mimi ni mume wa mama yako. Juzi kaja mtoto mdogo, hata kumwona mama yako hakumwona, kaniita hivyo hivyo." Akalitaja jina la mama, zima, bila mkia wa Kilatini. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tulipomzika.

Halafu akaniambia nishike fito vizuri, koo linapinda.