Nyumba ya Bei Rahisi Kuliko Zote Moroni

Kwetu Mutsamudu, kisiwani Anzuani, nyumba ni ya mwanamke. Baba anamjengea binti, mume anakuja kukaa. Mimi yangu ilikuwa ya mawe, kwenye kichochoro chembamba hivi kwamba wanene wawili wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Kodi nilikuwa siijui. Nilifundishwa Moroni, ng'ambo, kisiwani Ngazija.

Wafaransa walipohamisha ofisi zao kutoka Dzaudzi, makarani wakamwagika Moroni, na bwana wangu alikuwa mmojawapo. Nikamfuata. Tukapanga chumba kwa bibi mmoja wa Kingazija, kuta za makuti, bati limetoboka. Bibi yule hakudai kodi kama watu. Alikaa kizingitini, akajipepea, akasema puani, "Mwanangu, nimeota. Nimeota kodi imepanda." Kila akiota, inapanda. Siku moja nikamwambia, "Bibi, leo usilale." Akacheka mpaka leso ikamdondoka, na kodi ikapanda vilevile.

Mwisho akaja bila ndoto. Mkubwa mmoja wa ofisini anapataka pale pote, apate pa kuweka gari lake. Tutoke kabla ya Ramadhani.

Bwana wangu akatafuta mpaka Itsandra. Chumba kimoja kinataka mshahara mzima, na mwenyewe anakuringia. Basi akaja nyumbani na karani mwenzake, mtu wa kwetu, mwenye mke Mutsamudu na mke mwingine hapohapo Moroni. Alikuwa anaongea kama anasoma hotuba, na mkate wangu mdomoni.

"Shemeji, usinichukie," akasema. "Nyumba ya bei rahisi kuliko zote Moroni ni mke. Unaoa hapa, unapewa chumba, kitanda na sahani. Mimi silipi hata senti."

"Na mimi niende wapi?"

"Wewe unayo yako kule. Nzuri, ya mawe."

Nikamtazama bwana wangu. Angecheka, ningelala usingizi wangu. Hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu.

Wiki ileile nikapanda chombo kwenda kwetu, nikamwambia mama nataka kuikodisha nyumba yangu. Akashika kiuno. "Nyumba ya harusi? Watu baki walale kwenye kitanda alichokununulia baba yako?"

"Kitanda nitakitoa, mama."

"Watasema umeachwa."

"Nikikaa humu ndiyo nitaachwa kweli."

Akajitanda shiromani, nguo yetu ya kujifunika, akatoka. Nikadhani kanuna. Kumbe kaenda kumleta muuza vitambaa wa Mirontsy. Akamzungusha ukuta hadi ukuta, anaugonga kwa kidole, sauti imekuwa tamu kama anabembeleza mtoto: "Sikia mwenyewe, baba. Hapa marehemu hakubania chokaa." Yule mtu akatoa kodi ya mwaka mzima. Mimi nisingethubutu kuomba hata nusu yake.

Nikarudi Moroni nikapanda juu ya mji, kwenye yale mawe meusi ya mlima wa moto yanayotoboa viatu. Hapakuwa na anayekaa pale, mbuzi tu. Ardhi ilikuwa ya ukoo mmoja, mama na binti zake. Yule mama akanitazama kama nina homa.

"Mwanamke wa Anzuani, hapo hapaoti hata muhogo."

"Sipandi muhogo, mama. Napanda mume."

Akawaita binti zake waje wasikie. Wakacheka, kisha wakashauriana. Ardhi yao haiuzwi, akasema, ni ya binti zao na wajukuu wa binti zao. Lakini nijenge, nikae. Nyumba yangu, chini kwao, na kila Idi niwakumbuke kwa kitu kidogo.

Nikanunua nyundo. Mawe niliyavunja mwenyewe nipate kiwanja, leso kiunoni, na wapita njia wananiita fundi bibi. Nikawaitikia. Vyumba viwili, kuta za makuti mapya, bati lisilo na tundu. Pesa ya muuza vitambaa ikaishia kwenye misumari.

Bwana wangu akapanda kuja kuona, na viatu vyake vya ofisi, anachagua pa kukanyaga kama paka kwenye maji. Akaingia, akashika nguzo, akaitikisa. Haikutikisika.

"Ni mbali na ofisi," akasema.

"Na kwa huyo mke unayempigia hesabu ni karibu?"

Akaguna. Usiku wa kwanza wa Ramadhani alikula daku kwangu. Viatu vile vililiwa na mawe, akanunua vingine, navyo vikaliwa. Alipanda tu, kila jioni, mpaka alipostaafu.