Kodi ya Ngazi na Ndugu Wawili wa Meru

Fujo ilianzia barazani, mchana, mbele ya bwana shauri Mwingereza aliyepanda kutoka boma la Arusha na mkalimani wake. Alikuja kutueleza kwamba serikali inafikiria kuiacha kodi ya kichwa, ambayo kila mwanamume alilipa sawa na mwenzake. Badala yake kila mtu angelipa kwa kadiri ya pato lake. Watu walikuwa wameshaipa jina: kodi ya ngazi.

Mimi nilikuwa mke mgeni pale mlimani, nimekaa nyuma na wanawake. Mume wangu alikuwa mbele, na wenye mibuni mingi. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alisimama ng'ambo na wasio na kitu. Mwaka ule matarishi wa boma walikuwa wamemchukulia ng'ombe wake wa pekee, mtamba, kwa sababu ya kodi.

Shemeji akaomba kusema. "Bwana, mimi na mwenye lori tunalipa sawa. Yeye akilipa anakohoa tu. Mimi nikilipa, watoto wanalala njaa. Haki iko wapi?"

Mume wangu akaruka. "Kaka, nilipokuwa napalilia kahawa, wewe ulikuwa kwenye pombe ya mbege! Sasa jasho langu likulipie kodi?"

Watu wa upande wake wakacheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichoharibu kila kitu. Shemeji alivuka uwanja na kumpiga mume wangu fimbo ya uso. Pande zote mbili zikavamiana. Nilimwona mzee wa kanisa akimng'ata mtu sikio. Askari wa boma wakaingia na virungu, na wakamchagua shemeji. Walimpiga akiwa chini mpaka taya likaenda upande. Mume wangu alisimama anatazama, damu ikimtoka puani, hakusema hata "basi".

Nyumbani nikamwambia, "Yule ni kaka yako."

"Amenipiga mbele ya watu."

"Na alilosema ni kweli. Baba yangu alikosa kodi, wakampeleka kuvunja mawe ya barabara. Alirudi anatapika damu. Mwenye duka alilipa kama yeye, na hakuvunja hata jiwe moja."

Alinipiga kofi. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikaendelea kumenya ndizi, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Kulipopambazuka tulikuta mibuni ya upande wa mfereji imelala chini, imekatwa usawa wa magoti, matunda bado mabichi. Mume wangu aliigusa miwili mitatu kama mtu anayepapasa maiti. Halafu akachukua panga, akashuka kwa kaka yake. Nilimkimbilia.

Shemeji alikuwa amekaa kizingitini, taya limefungwa kwa kitambaa. Hakukimbia. "Ndiyo, ni mimi," alisema, maneno yakitoka kwa shida. "Sasa tuko ngazi moja."

Mume wangu aliinua panga. Sikuwaza. Niliingia katikati na kuudaka ubavu wa panga, lakini likageuka mkononi mwangu. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia joto, kama nimemwagiwa uji. Kiganja kilikuwa kimefunguka mpaka mfupa.

Panga likaanguka. Mume wangu akaanza kulia kwa sauti. Shemeji ndiye aliyefungua kitambaa cha taya lake, akanifunga mkono.

Damu ilinitoka mpaka nikashindwa kusimama, wakanibeba kwa machela ya miti na blanketi kwenda hospitali ya mjini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Tulipokaribia Kijenge, pembeni mwa mji, ndipo walipoanza kusemezana.

"Ungeniambia una njaa," mume wangu alisema.

"Nilikuambia. Barazani."

"Mbele ya Mzungu?"

"Nyumbani kwako nilikuambia mara ngapi?"

Wakaanza upya. Walibishana juu ya kodi ileile, machela ikayumba, nami nikapiga kelele kwamba watanimwaga barabarani. Hospitalini wote wawili walimwambia daktari kwamba nilijikata nikikata majani ya ng'ombe. Sikubisha. Vidole vyangu viwili havikukunjika tena.

Baadaye kodi ya ngazi ikaja kweli. Kamati ya wenyeji ilipita kukadiria mashamba, na mume wangu akapandishwa. Alinung'unika, akalipa. Shemeji aliwekwa ngazi ya chini kabisa, lakini hata hiyo ilikuwa juu mno kwa mtu asiye na kitu, na mvua zilipokataa akashindwa kulipa. Askari walewale wakamfuata kwa virungu vilevile, wakamtia kifungoni.

Mume wangu alishuka bomani. "Mimi nipandisheni, yeye mshusheni," aliwaambia. Karani alimjibu kwamba sheria haina nafasi ya undugu. Alipong'ang'ania, askari alimpiga kirungu cha mbavu na kumtupa nje ya lango. Alirudi ameinama, akaenda moja kwa moja shambani kwa kaka yake, akapalilia mpaka jua likazama. Siku iliyofuata akaenda tena.

Shemeji alitoka kifungoni amekonda, nywele zimenyolewa vibaya. Mume wangu alimwamkia, "Shikamoo, kaka." Akaitikia, akakaa jikoni kwangu, akaomba ndizi mbivu. Alizila taratibu, upande mmoja wa taya, na sisi tukamtazama.