Saa ya Kufika Ekero

Nilinunua gari la spoti la zamani kutoka kwa mhadhiri mmoja wa chuo cha Bukura aliyekuwa akistaafu, na mke wangu akaniuliza kama nimenunua gari au kiatu. Lina viti viwili tu, vimebanana, na kwenye dashibodi kuna kompyuta ndogo ya safari. Ukibonyeza vitufe vyake inakuambia joto la nje, wastani wa mafuta, kilomita zilizobaki kabla tangi halijakauka. Mimi nilipenda kitufe cha saa ya kufika: unaingiza umbali, nayo inakupigia hesabu utafika saa ngapi. Ukipunguza mwendo, inasogeza saa mbele bila huruma. Nilijigamba nayo kwa kila aliyekubali kuketi.

Mama mkwe hakuwahi kuketi. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali: hawashikani mikono, hawakai bega kwa bega. Kwa miaka yote tangu nimwoe binti yake, salamu zetu zilipitia kwa mtu wa tatu.

Jumamosi moja mke wangu alinipigia simu kutoka Nairobi, alikokuwa kikazi. Mama yake alikuwa hapa mjini kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na dada mdogo wa huyo mama, mgonjwa wa miezi mingi kule Ekero, alikuwa akikata roho huku akimtaja yeye.

"Mpeleke," akasema. "Sasa hivi."

Badala ya kwenda, nikatafuta gari lenye kiti cha nyuma. Jumamosi! Huku Jumamosi ni siku ya mazishi, na kila gari la maana, hata teksi, limebeba waombolezaji. Bodaboda mama hapandi, nyonga zinamsumbua. Nilizunguka mtaa wetu wa Shieywe kwa miguu dakika arobaini nikibisha malango, nikijiona mkwe mwenye adabu. Mwishowe nikaenda kanisani na kiatu changu.

Alikitazama, akaninyima macho, akaingia. Alijibana mlangoni, mkoba wake ukawa ukuta kati yetu. Nikaingiza umbali wa Ekero. Kompyuta ikaandika saa tisa na dakika kumi.

Njiani tukakwama nyuma ya trekta la miwa. Saa ikaanza kusogea: tisa na kumi na mbili, tisa na kumi na tano. Mama akaiinamia kompyuta.

"Wewe mashine, ambia mwenye gari apite hiyo trekta."

"Mashine, mwambie mama mbele kuna kona," nikajibu.

"Mashine, uliza yeye kama mafuta itatosha."

"Mwambie yanatosha mpaka Busia."

Nilisikia akicheka puani. Tukaendelea hivyo, kilomita baada ya kilomita. Aliniuliza habari za shamba langu, akanisuta kwa kukonda, yote kupitia kwa mashine. Nilifurahi, na nikaona haya kufurahi siku kama ile. Trekta likakata kona kuingia shambani, nami nikakanyaga mafuta kuliko nilivyowahi kukanyaga.

Tulifika saa tisa na dakika kumi na moja. Vilio tulivisikia kabla sijazima injini. Jirani mmoja akaja dirishani akasema, "Ametuacha sasa hivi. Kama robo saa."

Robo saa! Dakika zangu arobaini za adabu zilitosha kumfikisha na kuketi naye kitandani. Kompyuta haikuzihesabu, kwa sababu wakati huo gari lilikuwa limeegeshwa nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakushuka. Alikuwa bado anaitazama ile saa.

"Mashine," nikasema, "mwambie mama mimi ndiye niliyechelewa. Nilikuwa natafuta gari lenye kiti cha nyuma."

Akauondoa mkoba, akauweka miguuni.

"Mashine, ambia yeye hata mimi ningetafuta. Na ambia yeye dada yangu alikuwanga na haraka tangu utoto."

Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Gari lile liko chini sana kwa mtu mwenye nyonga mbaya. Alijaribu kuinuka mara mbili, akashindwa. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake, mikono nyuma, kama inavyotakiwa. Ndipo akaninyooshea mkono, akanitazama usoni.

"Nishike, mwanangu," akasema.